Mlango Asiouvunja Mwizi

Hotuba ya dawati la mahusiano ya polisi na jamii kwa wananchi wa Nabuyoga na majirani wa mpakani



Tumechagua kuzungumza kwa Kiswahili kwa sababu iliyo wazi. Katika eneo letu hili Mjapadhola, Mnyole, Msamia, Mteso na Mbukusu hukutana sokoni, na lugha inayowaunganisha wanapopatana bei ni hii. Lakini ipo sababu ya pili, nayo si njema. Wezi tunaotaka kuwazungumzia leo nao hutumia Kiswahili hikihiki, kwa upole na adabu kubwa, ili mtu wa upande wowote wa mpaka awaelewe na kuwaamini.

Tuanze na kisa kimoja. Mwenye kisa ametupa ruhusa ya kukisimulia, mradi tusimtaje jina wala kijiji.

Ni mama mwenye duka dogo la vyakula, tena mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Jioni moja, akifunga duka, aliona ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtoto wa kaka yake anayefanya kazi upande wa Kenya. Ujumbe ulisema: “Shikamoo shangazi. Samahani, namba sita zangu zimetumwa kwako kwa makosa. Naomba unirudishie haraka, zinaisha muda.” Kweli, namba sita zilikuwa zimeingia kwenye simu yake. Akazituma. Ni nani angemnyima mtoto wa kaka yake namba sita?

Lakini aliyeandika hakuwa mtoto wa kaka yake. Kijana yule alikuwa ameporwa akaunti yake asubuhi ya siku ileile kwa hila hiyohiyo. Zile namba sita zilikuwa ufunguo wa akaunti ya shangazi mwenyewe, na mwizi ndiye aliyeuomba. Kwa dakika chache WhatsApp ya mama ikawa mikononi mwa mgeni. Mgeni yule akafungua kundi la akina mama, akaandika kwa jina la mweka hazina kwamba mwanachama mmoja amelazwa hospitali na pesa zinahitajika usiku huo, kisha akaweka namba ya simu ya upande wa Kenya. Wanachama watano wakatuma. Jumla ilikuwa shilingi 860,000 za Uganda.

Tunaomba mtazame vizuri jambo moja katika kisa hiki. Hakuna kilichovunjwa. Simu ya mama haikuibwa, wala hapakuwa na fundi hodari aliyepenya kwenye mitambo. Mwizi alibisha hodi, akasalimu kwa heshima, akaomba afunguliwe, naye akafunguliwa. Ndivyo ulivyo wizi mwingi wa mtandao unaoifikia nyumba ya mtu wa kawaida. Mwizi huyu ana wasaidizi wawili wanaoishi ndani ya mioyo yetu. Wa kwanza ni haraka. Wa pili ni aibu. Haraka humfungulia mlango. Aibu humpa muda wa kutoroka. Habari ya aibu tutairudia baadaye.

Ndugu zetu, intaneti si kitu cha kale katika nyumba zetu. Nyaya kubwa za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na kutoka Mombasa mawasiliano ya kasi yakapanda bara mpaka Uganda. Huduma ya M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya mwaka 2007, na MTN ikaanzisha pesa za simu Uganda mwaka 2009. Kwa hiyo katika muda ambao mtoto huzaliwa na kumaliza shule ya msingi, simu ya mkononi imegeuka kuwa benki, posta, kabati la picha, daftari la madeni na kitambulisho. Babu zetu walijifunza kujenga ghala la nafaka lisiloingiwa na panya kwa vizazi vingi. Sisi tumepewa ghala jipya bila mtu wa kutufundisha kulifunga. Si ajabu kwamba panya wanaingia, na hakuna haja ya kumcheka aliyeingiliwa.

Tuzungumzie basi milango mitatu ya ghala hili.

Mlango wa kwanza ni maneno na namba za siri. Namba ya siri ya pesa za simu, neno la siri la barua pepe, na zile namba sita zinazotumwa kwa ujumbe ni funguo. Shikeni kanuni moja tu, nayo itawaokoa mara nyingi: hakuna mtu mwenye haki ya kuuomba ufunguo wako. Kampuni ya simu haiuombi. Benki haiuombi. Polisi hatuuombi. Anayeuomba, hata kwa sauti ya mtoto wa kaka yako, ndiye mwizi, au ni mtu ambaye tayari ameporwa. Ndugu akikuandikia kuomba pesa au namba, usimjibu kwa maandishi. Mpigie simu kwa namba unayoijua siku zote na usikie sauti yake. Dakika moja ya kupiga simu ingeuokoa mfuko mzima wa kikundi.

Wanaotumia WhatsApp wafungue Mipangilio, waingie sehemu ya Akaunti, kisha waweke uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo utachagua namba yako mwenyewe ya tarakimu sita, ambayo mwizi ataihitaji hata akizipata zile zinazotumwa kwa ujumbe. Kama hujui kuiweka, mwombe mwanao akuwekee, lakini namba uichague na kuiandika wewe. Tazameni pia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoijua imeunganishwa na akaunti yako, iondoe papo hapo.

Kuhusu neno la siri, msitumie jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa wala namba ya simu, kwa maana hayo kila jirani anayajua. Chukueni maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano kinu, treni, mvua na mbuzi, kisha myaunganishe. Huo ni mfano tu. Kwa kuwa tumeutamka mbele ya watu, haufai tena. Neno la siri la barua pepe lisifanane na lingine lolote, kwa sababu anayeshika barua pepe yako anaweza kuomba funguo nyingine zote zitengenezwe upya na kuletwa kwake.

Mlango wa pili ni mashine yenyewe. Siku hizi nyumba nyingi zina kompyuta iliyonunuliwa baada ya kutumiwa na mwingine, Tororo, Mbale au hata Nairobi. Hakuna ubaya kununua kompyuta ya namna hiyo. Ubaya ni kuitumia ikiwa na programu za wizi alizoweka muuzaji, au na mfumo wa zamani usiopokea tena marekebisho. Mfumo wa Windows 7 uliachwa na Microsoft mnamo Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma mnamo Oktoba 2025. Mfumo ulioachwa ni kama nyumba ambayo fundi wake amehama: nyufa zitaendelea kutokea, lakini hakuna wa kuziba.

Wengine huuliza, “Ni nani atakayejisumbua na kompyuta yangu ya kijijini?” Tarehe 12 Mei 2017 programu hatari iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea duniani. Ilifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Katika siku chache ilikuwa imegusa nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Programu ile haikuchagua tajiri wala maskini. Ilijisambaza yenyewe ikitafuta kompyuta yoyote yenye ufa fulani. Dawa ya ufa ule Microsoft ilikuwa imeitoa mwezi Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Waliokubali marekebisho kwa wakati walinusurika. Walioahirisha, wakisema bando litaisha, waliumia. Kwa hiyo simu au kompyuta yako ikikuomba kuisasisha, usiichukulie kuwa msumbufu. Tafuta siku yenye bando la kutosha, au mahali penye mtandao unaouamini, uifanye kazi hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena, tuwe waangalifu na flashi. Katika vituo vyetu vya biashara vijana hupeleka flashi na kadi za simu kwenye vibanda vya kupakia nyimbo na filamu. Flashi moja huingia katika kompyuta ya kibanda ambayo jana ilipokea flashi arobaini nyingine. Kama vile mbu anavyotoka kwa mgonjwa na kumletea homa mtu mzima, ndivyo flashi inavyobeba virusi kutoka nyumba hadi nyumba. Kompyuta yenye daftari la kikundi, mitihani ya shule au hesabu za duka isipokee flashi ya kibanda. Na mafaili yoyote ambayo ungelia ukiyapoteza, yawekee nakala mahali pengine, mbali na kompyuta hiyo. Hata diski ya akiba inayofungiwa kabatini inatosha, mradi usiiache imechomekwa.

Kwenye simu, pakueni programu kutoka duka rasmi la simu yenu. WhatsApp zilizotengenezwa upya na watu wasiojulikana, hata zikiwa na rangi za kupendeza, hazitoki kwa wenye WhatsApp, na hujui aliyeketi nyuma yake. Hali ni hiyohiyo kwa programu za VPN. Kodi ya mitandao ya kijamii ilipoanza Uganda mnamo Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, watu wengi walipakua VPN za bure kwa siku moja, pasipo kuuliza mwenyewe ni nani. Kodi ile iliondolewa mwaka 2021, lakini tabia ikabaki. Hatukuja leo kuhukumu mtu. Tunasema tu kwamba mawasiliano yako yote hupita mikononi mwa mwenye VPN, kama maji yanavyopita katika bomba la mtu mwingine. Ukishindwa kujua bomba ni la nani, usiyanywe.

Programu za mikopo ya haraka nazo zitazamwe zinaomba nini. Anayekukopesha hana sababu ya kusoma majina yote ya jamaa zako. Kwa upande wa Kenya, Benki Kuu ilitoa kanuni mwaka 2022 zinazowataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni. Anayekataa kuonyesha leseni, mkimbie.

Mlango wa tatu ni jina lako. Huu ndio unaosahauliwa zaidi. Mwizi wa mtandao hawezi kupokea pesa kwa laini iliyoandikishwa kwa jina lake, maana angekamatwa siku hiyohiyo. Anahitaji jina la mtu asiye na hatia. Mwanzoni mwa Oktoba 2020, MTN Uganda, Airtel Uganda na benki ya Stanbic zilitangaza kwa pamoja kwamba hitilafu ya usalama katika kampuni ya kati iliyounganisha malipo yao ilikuwa imesimamisha utumaji wa pesa kati ya benki na simu. Zilisema salio za wateja hazikuguswa. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba laini za simu karibu 2,000 zilitumika kutoa pesa hizo. Fikirini: laini 2,000, na kila moja ina jina la mtu.

Kwa hiyo, unaposajili laini barabarani na wakala akakwambia, “Weka kidole tena, hakikushika,” uliza kwa nini. Inawezekana kweli hakikushika. Inawezekana pia kidole cha pili kinasajili laini ya pili ambayo hutaiona kamwe. Heri kusajili kwenye duka la kampuni au kwa wakala mnayemfahamu, na usiondoke kabla hajakuonyesha ni laini ngapi zimeandikwa kwa jina lako. Wateja wa Safaricom waweza kujitazamia wenyewe kwa kubonyeza *106#. Usimkopeshe mtu kitambulisho, wala usiuze laini yako ya zamani kwa bei ya chapati. Siku polisi watakapoifuata namba hiyo, watafika nyumbani kwako. Simu ikienda kwa fundi, toa laini na kadi kwanza, wala usimwachie namba ya siri.

Sasa tuseme juu ya mpaka, kwa kuwa ndio unaotufanya tuwe windo jepesi kuliko watu wa mahali pengine. Watu wetu wengi wana laini mbili, ya Uganda na ya Kenya. Wana pesa za aina mbili na jamaa pande zote. Ujumbe ukija kutoka namba ya ng'ambo, sisi hatushangai. Kwetu hilo ni jambo la kila siku. Mwizi analijua hilo. Anajua pia kwamba aliyeibiwa na mtu wa ng'ambo hukata tamaa upesi, akidhani sheria inaishia kwenye kizuizi cha barabara.

Na hapa yatupasa kusema ukweli unaotuuma. Yule mama wa kikundi alikaa kimya siku tatu kwa aibu. Katika siku hizo tatu wanachama wawili zaidi walitumiwa ujumbe, nao wakatuma pesa. Alipopata ujasiri, alikwenda kituo kimoja cha polisi. Akaambiwa kwamba namba iliyopokea pesa ni ya ng'ambo, avuke. Akavuka. Kituo cha ng'ambo kikamwambia kwamba yeye ni mkazi wa upande wa pili na kosa limetendeka kwake, arudi. Akarudi nyumbani, akauza ng'ombe wake wa maziwa, akawalipa wenzake wote. Wanachama walimwachia kazi yake ya kuweka hazina, na kwa hilo tunawapongeza. Lakini ng'ombe yule hakupaswa kuuzwa. Mwizi alimwibia mara moja. Sisi wenye sare tulimzungusha mara mbili.

Sheria haikusema azungushwe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ya mwaka 2011 inamhusu mtu yeyote, wa uraia wowote, aliye ndani au nje ya Uganda, ikiwa kompyuta au data iliyoguswa ilikuwa Uganda wakati ule. Kenya nayo ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018. Nchi zetu mbili zimo katika umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioundwa Kampala mwaka 1998. Mwaka 2024, katika operesheni ya Interpol iliyoitwa Serengeti, watuhumiwa 1,006 walikamatwa katika nchi 19 za Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi hizo. Njia ya kumfuata mwizi ng'ambo ipo. Lakini safari ya kwanza lazima ianze kwenye meza ya kituo kilicho karibu nawe, na ianze mapema.

Kwa hiyo, ukiibiwa, fanya haya kwa mfuatano.

Kwanza, piga simu kwa kampuni yako ya simu papo hapo, kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Kwa MTN na Airtel za Uganda ni 100. Aliyetuma kwa M-Pesa ya Safaricom apeleke ujumbe wa muamala huo kwenda 456. Pesa ambayo haijatolewa yaweza kuzuiwa, ikishatolewa, imekwenda.

Pili, waambie watu. Tuma habari kwa kila njia kwamba akaunti yako imeporwa, wasipokee maneno yako humo. Mtume hata bodaboda kwa mwenyekiti wa kikundi. Ungeona moshi kwenye paa la jirani usingengoja siku tatu.

Tatu, usifute kitu. Ujumbe, namba, saa na kiasi cha pesa ni nyayo za mwizi. Piga picha ya kioo cha simu, uandike pia kwenye karatasi.

Nne, njoo kituoni. Kituo chochote kilicho karibu, upande wowote ulio nao siku hiyo. Dai uandikiwe taarifa na upewe namba ya kumbukumbu.

Wengi wenu mlikuwa mashahidi tarehe 24 Februari 2018, wakuu wa nchi zetu mbili walipozindua kituo kimoja cha pamoja cha mpaka pale Busia. Tangu hapo lori la mahindi halisimami tena mara mbili. Linasimama mara moja tu, upande linaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi yao hapo. Ikiwa gunia la mahindi limepewa heshima hiyo, mama aliyeibiwa anastahili zaidi. Basi tunatamka mbele yenu ahadi yetu, mtudai kwayo: mwananchi akija kwetu na malalamiko ya wizi wa mtandao, tutamwandikia hapohapo, na kuvuka mpaka kutakuwa kazi ya karatasi zetu, wala si ya miguu yake.

Nanyi mtupe ahadi yenu. Leo usiku, kabla ya kulala, kila aliye na simu ya intaneti aweke ule uthibitishaji wa hatua mbili, na amfundishe mzee mmoja nyumbani ambaye hawezi kujiwekea. Kila kikundi cha kuweka na kukopa kikubaliane katika mkutano ujao kwamba hakuna pesa itakayotumwa kwa sababu ya ujumbe wa maandishi peke yake, hata ukiwa na jina la mweka hazina, mpaka sauti yake isikike. Na siku mmoja wetu atakapodanganywa, maana siku hiyo itakuja, asichekwe. Anayecheka anamfundisha jirani yake kunyamaza, na kimya cha jirani ndicho chakula cha mwizi.

Wenye maswali wasiondoke. Na wenye simu zinazowasumbua wazilete hapa mbele, tuzitazame pamoja.